SMS za Mjamzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ujumbe wa Simu na Kliniki

Maswali haya yameokotwa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, pale akina mama wanapokaa kusubiri kupimwa huku simu zikizungushwa mkono kwa mkono. Mengine yameletwa na waume, mengine na mama wakwe. Majibu yanaihusu zaidi Tanzania, Bara na Visiwani. Panapogusa nchi nyingine, imesemwa.

## Mambo ya mwanzo

SMS za mjamzito ni kitu gani hasa?

Ni ujumbe mfupi unaokuja kwenye simu yako kufuatana na umri wa mimba. Aliye na wiki 10 hapati ujumbe mmoja na aliye na wiki 34. Wa kwanza anakumbushwa kuanza kliniki na kumeza vidonge vya kuongeza damu, wa pili anaulizwa kama ameshaweka nauli na kumpanga mtu wa kumsindikiza. Simujanja si lazima wala bando halihitajiki. Kitochi kinatosha.

Hapa Tanzania huduma iliyojulikana zaidi ilikuja na kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012. Mtu alikuwa anatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, kwa mtandao wowote. Hawakujiunga wajawazito peke yao. Waliopo walikuwa pia mama wenye watoto wachanga na akina baba. Afrika Kusini wana MomConnect tangu 2014, na Kenya kuna PROMPTS, ambayo mama anaweza pia kuiandikia swali akajibiwa.

Huduma hizi huja na miradi, na mradi ukiisha namba nayo hunyamaza. Kwa hiyo usijiunge kwa namba uliyoiona kwenye bango lililopauka. Muulize nesi wako ni ipi inayotumika sasa kwenye kituo chenu.

Zinasaidia kweli, au ni kelele tu kwenye simu?

Jibu zuri tulilonalo limetoka hapa hapa kwetu, Zanzibar. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walifuatilia wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Vituo nusu vilitoa huduma ya kawaida, nusu viliongeza SMS pamoja na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Kwenye vituo vya SMS, wanawake 44 kati ya 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Kwenye vile vingine walikuwa 31. Waliozalishwa na mtu mwenye ujuzi walikuwa 60 kati ya 100, dhidi ya 47.

Sasa sikiliza na upande wa pili, maana wanaozisifu huduma hizi huuruka. Kwenye kujifungua, tofauti hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Shamba haikuonekana. SMS haitengenezi barabara, na haimleti mkunga kwenye kituo kisicho na mkunga. Tena usiisahau ile vocha: wale mama hawakuwa wakisomewa tu, walikuwa na uwezo wa kupiga na kupokelewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito. Ujumbe usio na mtu nyuma yake ni kama kugonga mlango wa nyumba tupu.

Nikipata SMS zote, kuna haja ya kwenda kliniki?

Ipo. Simu haipimi presha. Haitoi damu ikaangalia wingi wake, kaswende na VVU, haipimi protini kwenye mkojo, haichomi sindano ya pepopunda, na haiwezi kugusa tumbo ikajua mtoto amelalaje. Kazi ya SMS ni kukutoa nyumbani ufike. Presha ya mimba, kwa mfano, inaweza kupanda na wewe ukajiona mzima kabisa, unachota maji na kupika kama kawaida.

## Kujiunga

Nijiunge lini?

Mara tu unapojua una mimba. Utaratibu unaofuatwa sasa, kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, ni mahudhurio nane: la kwanza kabla wiki 12 hazijaisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukijiunga mimba ikiwa na miezi sita, ujumbe wa mwanzo umeshakupita.

Wengi tunachelewa, na sababu inajulikana ingawa haisemwi kwa sauti: mimba changa haitangazwi. Mtu anaogopa jicho, anaogopa maneno, anasubiri tumbo lijitokeze lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kama theluthi moja tu ya wajawazito Tanzania ndio walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. SMS ina faida yake hapa, kwa sababu inaingia kimya kimya. Lakini simu ikiwa inashikwa na kila mtu ndani ya nyumba, soma kwanza swali la "Sitaki mtu ajue" huko chini.

Umechelewa? Jiunge tu. Utaanzia wiki uliyopo.

Nitakatwa salio?

Huduma halali ya wizara au ya kituo haimkati mama salio kwa kupokea, na nyingi hazikati hata kwa kujiunga. Ukiona salio linapungua kila siku baada ya kujiunga na kitu kinachoitwa "afya", huenda umeingia kwenye huduma ya kibiashara. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waambie wakuondoe.

Wataniuliza taarifa gani? Nitajuaje kama si matapeli?

Utaulizwa umri wa mimba au tarehe ya hedhi ya mwisho, mkoa au wilaya, na pengine lugha. Wakati mwingine wanataka jina la kituo unachohudhuria. Basi.

Hawakuulizi namba ya siri, na hawakuambii utume pesa ili "kufungua zawadi ya mama mjamzito". Sote tunawajua wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Nao wameshagundua kwamba mjamzito ana akiba ya kujifungulia kwenye simu. Ujumbe ukitaja pesa, ufute.

Kisheria, taarifa za afya yako ni taarifa nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Una haki ya kuuliza nani anaziona, na una haki ya kujitoa.

## Tarehe, na ujumbe wenyewe

Sikumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Nifanyeje?

Usibuni. Kila SMS utakayopata itahesabiwa kutokea kwenye tarehe hiyo, na ukikosea kwa mwezi mzima utaambiwa uende kliniki mwezi mzima nje ya wakati. Jaribu kukumbuka kwa matukio: ilikuwa kabla ya Idi au baada? Shule zilikuwa zimefungwa? Mvua zilikuwa zimeanza? Ukishindwa, nenda ukapimwe kwanza, kisha ujiunge na tarehe utakayopewa.

Unayeikumbuka unaweza kujipigia hesabu mwenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi ilianza tarehe 10 Machi? Makadirio ya kujifungua ni 17 Desemba. Ni makadirio. Watoto hawasomi kalenda.

SMS inasema wiki ya 28, kadi inasema wiki ya 31. Niamini ipi?

Amini kadi. Ile imeandikwa na mtu aliyekugusa tumbo, na kama ulipiga ultrasaundi mapema, ndiyo yenye uhakika zaidi. Mwombe nesi akusaidie kurekebisha tarehe kwenye huduma ya SMS au ujitoe na kujiunga upya. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaona aibu kusema walikosea.

SMS inanitaka niende siku ambayo kliniki yetu haifanyi kazi.

Mashine haijui ratiba ya zahanati yako. Fuata tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.

Kwa nini ujumbe ni mfupi hivyo, kama telegramu?

Kwa sababu SMS moja inabeba herufi 160, nafasi zikiwa ndani ya hesabu. Huu hapa mfano tuliouandika wenyewe:

*Mama, mimba yako sasa ina wiki 28. Mtoto anacheza? Akipungua kucheza nenda kituoni leo, usisubiri tarehe ya kliniki. Beba kadi yako.*

Herufi 132. Ukiangalia utaona kila neno lina kazi. "Leo" lipo kwa sababu mtu akiambiwa "nenda kituoni" peke yake atasubiri tarehe yake. "Beba kadi" lipo kwa sababu mama akifika usiku bila kadi, zamu ya usiku inaanza kumuuliza upya kila kitu. Na tumeandika "mtoto anacheza", si "miondoko ya kijusi", kwa sababu hakuna bibi yeyote aliyewahi kumuuliza mjukuu wake kuhusu miondoko ya kijusi.

Naweza kujibu SMS na kuuliza swali?

Inategemea. Huduma nyingi ni za upande mmoja: wanakutumia, wewe ukijibu hakuna anayesoma. Nyingine zina dawati lenye watu. Njia rahisi ya kujua ni kutuma swali jepesi siku ambayo huna shida, uone kama unajibiwa na baada ya muda gani. Usisubiri siku ya shida ndipo ujaribu. Tanzania pia kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo unapiga bure na kuzungumza na mtu.

Swali linaloulizwa kwa aibu kuliko yote ni la udongo. Jibu lake, ili usihangaike: hamu ya kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Udongo wenyewe unaweza kubeba minyoo na madini mabaya kama risasi, na unazuia madini chuma kufyonzwa. Hata ule unaouzwa sokoni, uliochomwa na kupangwa vizuri, ni vilevile. Mwambie nesi akupime damu. Hatakucheka; nusu ya waliopo kwenye benchi wanao kwenye pochi.

SMS imeniambia nipate dawa ya kuzuia malaria, nesi amekataa kunipa. Nani mkosa?

Huenda hakuna mkosa. Dawa hiyo ni SP, vidonge vitatu unavyomeza palepale mbele ya mhudumu. Haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, na dozi hazikaribiani chini ya mwezi mmoja. Tena mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazifai kutumiwa pamoja, na septrini yenyewe inamkinga.

SMS moja inatumwa kwa maelfu, haiwezi kuyajua hayo yote. Muulize nesi "kwa nini mimi sipewi?" kwa upole lakini uulize, kwa sababu ipo sababu nyingine isiyo ya kitabibu: dawa imekwisha. Ikiwa ni hiyo, uliza lini itapatikana au kituo gani cha jirani wanayo.

Vidonge vya kuongeza damu vinanifanya nipate choo cheusi, na SMS haikusema.

Ni kawaida, ni madini chuma. Meza usiku ukienda kulala kama asubuhi vinakutia kichefuchefu, na usivisindikize na chai au kahawa.

## Simu, na watu wanaoishika

Sina simu yangu. Naweza kutumia ya mume, dada au jirani?

Unaweza, ila chagua mtu kwa kuangalia mambo mawili: anakaa karibu na wewe, na anakusomea siku ileile. Mume anayefanya kazi mkoa mwingine na kurudi mwisho wa mwezi atakuletea ujumbe wanne kwa pamoja, wa zamani. Shemeji wa mlango wa pili anafaa zaidi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye anaweza kupokea kwa niaba yako kama kituo chenu kina utaratibu huo.

Sijui kusoma vizuri.

Uliza kama kuna huduma ya sauti. Baadhi ya huduma hukupigia na kukusomea. Kama haipo, mtoto wa darasa la tano anasoma SMS vizuri tu, lakini fikiria kama unataka akusomee habari za kutokwa na damu ukeni. Hapo mtu mzima ni bora.

Sitaki mtu ajue. SMS haitanitangaza?

Inaweza. Nimemwona dada mmoja aliyeficha mimba wiki 9, simu ikalia mezani wakati wa chakula cha mchana, na wifi yake akausoma ujumbe kwa sauti kabla hajanyoosha mkono. Mambo ya kufanya ni madogo: zima uonyeshaji wa ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, weka namba ya siri, futa ukishasoma. Kwenye kitochi, hifadhi namba ya huduma kwa jina lisilosema kitu.

Kuhusu VVU: huduma nzuri haitaji VVU wala dawa zake kwenye SMS ya mtu mmoja mmoja. Itaandika "kumbuka tarehe yako ya tarehe 14" na kuishia hapo. Ukipokea ujumbe unaotaja hali yako waziwazi, peleka malalamiko kituoni, na uombe namba yako iondolewe mpaka warekebishe.

Mimi ni baba. Naruhusiwa kujiunga?

Karibu sana. Ujumbe wa baba mara nyingi unahusu yale yanayomwangukia yeye: nauli, nani atachangia damu ikihitajika, nani atabaki na watoto. Lakini kujiunga kwako kusiwe upelelezi. Ukianza kumhoji mkeo kila Jumatatu "SMS inasema umeze, umemeza?", atachoka na wewe na SMS zako kwa pamoja.

## Dharura

Natokwa damu, au kichwa kinaniuma sana na naona maruweruwe. Nitume SMS?

Hapana. Weka simu chini ukishapiga, uondoke. Yafuatayo hayasubiri jibu la SMS wala asubuhi: kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana, kuona kiwi au maruweruwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupungua au kuacha kucheza.

Tanzania piga 115, bure. Ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Anayepokea anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Wewe huombwi nauli.

Iandike 115 ukutani kwa mkaa leo, karibu na mlango. Simu inaweza kuzima chaji, na mtu atakayepiga huenda akawa jirani asiyejua namba zako.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Nina mapacha. Ujumbe unanifaa?

Nusu nusu. Mambo ya chakula, vidonge na dalili za hatari ni yaleyale. Ratiba si yako: mama wa mapacha huonwa mara nyingi zaidi, na mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 40. Ukipata SMS ya wiki ya 36 inayosema "bado wiki chache", usiitegemee. Begi liwe tayari mapema, na ujifungulie hospitali yenye uwezo wa upasuaji.

Nimejifungua mapema, lakini bado naulizwa kama mtoto anacheza tumboni.

Mashine haijui umejifungua mpaka iambiwe. Huduma nyingi zina neno la kutuma baada ya kujifungua, na ujumbe unahamia kwenye kunyonyesha, kitovu na chanjo. Kama hulijui neno hilo, muulize nesi siku ya hudhurio la kwanza baada ya kujifungua.

Mimba imeharibika. Ujumbe unaendelea kuja kila wiki.

Pole sana. Katika kasoro zote za huduma hizi hii ndiyo inayoumiza zaidi. Mama yuko ndani, amefungwa kanga kiunoni, simu inalia: "Hongera, mtoto wako sasa ana ukubwa wa embe."

Si lazima uzizime wewe mwenyewe. Mpe mtu simu, dada au rafiki, atume neno la kujitoa au afunge namba hiyo, na afute ujumbe wa zamani kabla ya kukurudishia. Baadhi ya huduma, MomConnect ikiwa mojawapo, zimeweka njia ya kusema umepoteza mtoto, ukapata ujumbe wa kukufariji badala ya wa mimba. Nesi aliyekuhudumia siku ile naye angeweza kuiondoa namba yako kabla hujatoka wodini. Kwa kuwa hilo husahaulika, anayekusindikiza akumbushe.

Kwenda kliniki bado unahitaji, kwa ajili yako mwenyewe: damu ikiendelea kutoka, homa, au uchafu wenye harufu, rudi mara moja.

Nimebadilisha laini. Au: mimi ni mwanaume, sina mke, napata SMS za ujauzito.

Maswali haya mawili ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huichukua na kuiuza kwa mtu mwingine. Wewe mama uliyebadilisha namba, jitoe kwenye ile ya zamani kabla hujaiacha, halafu jiunge kwa mpya, na umwambie nesi abadilishe namba kwenye kadi yako na kwenye daftari lao. Wengi hubadilisha kwenye kadi tu, kisha siku majibu ya damu yanapohitaji kufuatiliwa, kituo kinampigia mtu mwingine.

Na wewe kaka uliyeinunua laini hiyo: tuma neno la kujitoa. Usijibu ovyo, usimtafute mwenye namba wa zamani. Ukipigiwa na kituo cha afya wakimwulizia mama fulani, waambie namba sasa ina mwenyewe mwingine, ili wamtafute mama kwa njia nyingine.